Nilivyoharibu Mkutano wa Kuunganisha Shule

Leo nimeharibu mkutano wa wazazi hapa Koboko, mji wetu wa mpakani, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Tulitaka kuunganisha shule ya msingi na sekondari, uzio wa katikati ung'olewe.

Nikatetea. Mwaka 1979, wakati wa vita, nilikuwa mwalimu wa shule ya pamoja. Risasi zilipoanza, wanafunzi wakubwa waliwabeba wadogo mgongoni hadi ng'ambo ya mpaka. Hakupotea hata mmoja!



Mama mmoja akasimama: "Mzee, kumbe unajua vita iko narudi?"

Basi! Wazazi wakaingiwa na hofu, wakakataa. Uzio unabaki.

Nyie mngemjibuje?

Niungame kabla sijafa: kila nikiutazama uzio ule, nawaza watoto watapitia wapi risasi zikianza tena.