Mende wa kwenye laptop ya bosi

Leo sijala mchana, na usiku sidhani kama nitaweza.

Waranti ya laptop ya ofisi anayotumia bosi inaisha kesho. Nikaipima: diski nzima, memori nzima, feni haizunguki.

Nikaigeuza. Mafuta ya mbuzi yaliyoganda yakadondoka mezani, na kwenye tundu la feni mende amenasa, bado anachezesha miguu.

Kwa baridi hii ya Karatu, bosi huweka sahani ya nyama choma juu ya laptop iliyowashwa ili nyama isipoe. Ofisi nzima tunajua.

“Mwambie fundi wa waranti kule Arusha ni vumbi,” akasema nilipomwonyesha, akilamba kidole. “Wakikataa kuitengeneza bure, wewe ndiye uliyeiharibu. Sawa, kijana?”

“Sawa, bosi.”

Nimeifunga vizuri kwenye mfuko. Mende nimemwacha humo humo.

Mngekuwa nyie, mngemtoa?