Nadra, mwanamke anayebisha hodi kwenye dari za Maskati

Saa moja na robo asubuhi, jua la Matrah, mtaa wa kale wa Maskati, limeshaanza kuchoma. Katika chumba cha nyuma cha nyumba moja iliyoegemea mlima, Nadra binti Nasr amesimama juu ya ngazi, buibui amelikunja mpaka kiunoni juu ya suruali ya kazi. Mkononi ana fimbo nyembamba ya chuma yenye kichwa cha mviringo, kidogo kama kokwa ya tende. Anagonga dari. Anasikiliza. Anasogeza fimbo kiasi cha kiganja, anagonga tena.

Tok. Tok. Tok. Halafu, karibu na taa, sauti inabadilika. Inakuwa nzito na tupu, kama debe lililofunikwa blanketi.

Anarudia mara tatu, macho ameyafumba.

"Bi Shariffa," anamwambia mteja wake bila kugeuka, "usisimame hapo. Njoo huku mlangoni."

Dari yenyewe haina ufa wala doa. Ni nyeupe kama ukurasa wa daftari jipya, na harufu ya rangi bado inawasha pua. Hatem, dalali wa nyumba hiyo, anacheka kidogo.

"Imepakwa rangi wiki iliyopita tu, ukhti."

"Ndiyo maana naigonga," anajibu Nadra.

Nadra ana miaka arobaini na moja na ni mkaguzi wa nyumba mwenye leseni. Mtu anayetaka kununua nyumba humwita kabla ya kutia saini, naye huikagua kuanzia msingi mpaka tangi la maji juu ya paa, kisha huandika ripoti. Kwa nyumba ya kawaida huchukua saa nne na hutoza riali sitini. Anasema amekwisha kukagua zaidi ya nyumba mia tisa, na magoti yake yanaikumbuka kila moja.

Kazi hii hakuiota utotoni. Mwaka 2007, kimbunga Gonu kilipopita, yeye alikuwa karani katika ofisi ya wakandarasi mtaa wa Ruwi, akipanga michoro kwenye makabati. Familia yake iliishi Wadi Kabir, katika nyumba ambayo baba yake, dereva wa lori, aliinunua kwa akiba ya miaka kumi na tisa. Maji yalipoteremka bondeni, ukuta wa jiko ulianguka wote kwa mkupuo. Chini yake hapakuwa na msingi. Palikuwa na kokoto na mchanga.

"Baba aliinunua ile nyumba kwa kuwa mlango wake ulikuwa mzuri," anasema Nadra. "Mlango wa mti, una nakshi. Alisimama mbele yake akaupapasa, basi, akatoa pesa. Hapana mtu aliyemwambia atazame chini."

Aliporudi kazini hakuipanga tena michoro bila kuisoma. Aliwauliza wahandisi maana ya kila mstari, mpaka mmoja wao akamwambia aende akasome kwa sababu amechoka kujibu. Akasoma jioni kwa miaka minne. Kisha akamfuata mkaguzi mmoja mzee kwa miaka mingine mitano, akimbebea ngazi. Mtihani wa leseni aliufeli mara ya kwanza. Mara ya pili, mwaka 2018, akaupita.

Bi Shariffa, aliyemwajiri kwa nyumba ya Matrah, ni mkunga mstaafu wa miaka sitini na sita. Aliitaka nyumba hiyo kuliko nyumba nyingine yoyote Maskati. Mama yake aliporudi kutoka Unguja akiwa mjane kijana, alifikia katika kichochoro hichohicho, milango miwili tu kutoka hapo. Wapwa zake walimcheka waliposikia anatafuta mkaguzi. Wakamwambia nyumba inaonekana kwa macho.

"Nikawaambia, hata mimba inaonekana kwa macho," anasimulia Bi Shariffa. "Lakini mtoto alivyolala ndani huoni, mpaka aje mwenye mkono wake."

Asubuhi hiyo Nadra aliomba ruhusa ya kuchimbua kipande kidogo cha dari. Mwenye nyumba, kwa simu kutoka mji wa Sohar, alikataa. Basi akatumia vifaa vyake. Kipima unyevu kilionyesha kwamba nyuma ya ile rangi mpya, zege lilikuwa limelowa. Akapanda juu ya paa, akakuta tangi lililozibwa kwa gundi, na chini yake alama ya maji ya miaka mingi. Pembeni mwa paa, mahali ambapo fundi wa rangi hakufika, zege lilikuwa limebanduka na ncha ya nondo ilichungulia. Nadra aliishika kwa vidole viwili. Ilimeguka kama biskuti.

Anaeleza kwamba baadhi ya nyumba za zamani zilijengwa kwa mchanga wenye chumvi. Chumvi hula chuma polepole, na chuma kikishika kutu huvimba, kikavimba mpaka kikalipasua zege kutoka ndani. Juu unaona rangi, ndani hapana kinachoshikana.

Jambo lililomtia wasiwasi zaidi lilikuwa chini ya dari hiyo. Palikuwa na vitanda viwili vimetandikwa vizuri. Chumba kilikuwa kimepangishwa kwa wanawake wawili kutoka Tanzania, Evodia wa Bukoba na Bupe wa Tukuyu, wanaofanya usafi katika zahanati. Bupe alikuwa kazini. Evodia, ambaye zamu yake ilikuwa ya mchana, alisimama mlangoni na birika la chai mkononi.

"Madam, kuna shida?" aliuliza.

Hatem alijibu kabla ya Nadra. "Hakuna shida, dada. Huyu anamkagulia mnunuzi." Kisha akamgeukia Nadra, akashusha sauti: ripoti ni mali ya mnunuzi, wapangaji si kazi yake, na mwenye nyumba akisikia maneno yametoka nje, biashara imekufa.

Kwa kanuni za kazi, hakukosea. Anachokiona mkaguzi ni siri yake na aliyemwajiri. Nadra alimtazama Evodia, akatazama mito miwili, kisha akamtazama Bi Shariffa, kwa sababu ni yeye peke yake aliyeweza kumfungua mdomo.

"Bi Shariffa, nna jambo la kumwambia huyu dada. Ukiniruhusu, huenda nyumba ukaikosa."

Mkunga huyo hakukaa kufikiri. "Mwambie. Nimezalisha miaka thelathini na mbili. Sijapata kumwacha mtu kitandani nami najua yuko hatarini."

Nadra akamwambia Evodia kwa maneno machache: dari hii imekufa, msilale tena chini yake, hata mchana. Hatem akatoka nje na simu sikioni. Kabla Nadra hajakunja ngazi yake, jibu lilikuwa limekuja kutoka Sohar: nyumba haiuzwi tena kwa Bi Shariffa.

Mama huyo aliketi kwenye ngazi za kichochoroni, mkoba magotini, akautazama mlango ambao mama yake aliingilia. Baadaye akasimama, akawasaidia Nadra na Evodia kuvisogeza vitanda hadi sebuleni, chini ya dari ambayo Nadra alikwisha kuigonga kiganja kwa kiganja.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Ijumaa, saa nane mchana, Evodia na Bupe walikuwa wamelala sebuleni, maana ndiyo siku yao pekee ya mapumziko.

"Nilidhani ni gari limegonga nyumba," anasema Evodia. "Vumbi likatoka chini ya mlango kama moshi. Bupe akawa ananivuta mkono, ananiuliza kama niko mzima, na mimi namuuliza yeye. Tulipofungua kile chumba, dari ilikuwa sakafuni."

Kipande kilichoanguka kilikuwa na urefu wa mita moja na nusu na unene wa kiganja. Nadra alipokuja kukipima alikadiria uzito wake kuwa kilo mia moja na themanini. Kilikuwa kimelala palepale penye alama nne za miguu ya kitanda cha Evodia.

"Nilipaangalia pale ninapowekaga kichwa," anasema Evodia. "Yule dada aligonga tu. Hakutoboa, hakuvunja. Aligonga, akasikia."

Nadra anasema siku hiyo alisimama katikati ya kifusi, mpaka Bupe akamshika bega.

"Watu wananambia, wewe ulijua. Mie sikujua siku wala saa; hiyo anaijua Mola. Nilisikia sauti nikaisema. Mpaka leo nikiingia nyumba ya watu naogopa. Naingia kwa bismillahi, kama ninayeingia msikitini."

Mwenye nyumba alifika kutoka Sohar kesho yake. Ni mzee, na nyumba aliirithi. Alikitazama kifusi, akazitazama alama za kitanda kilichohamishwa siku tatu tu kabla, kisha akaomba apelekwe kwa Bi Shariffa. Wawili hao walikubaliana upya: paa lote livunjwe na kumwagwa jipya kwanza, na Nadra azione nondo kwa macho yake kabla zege halijazifunika. Mwezi uliopita Bi Shariffa alihamia. Evodia na Bupe wamepata chumba Ruwi, na hawakukubali kuingia mpaka Nadra alipokwenda kukikagua. Malipo yao aliyakataa, chai akainywa.

Wakati wa chai hiyo Evodia alimwonyesha picha kwenye simu. Ni nyumba anayojijengea kwao Bukoba, chumba baada ya chumba, kwa mshahara wa miaka sita. Kuta zimefika kimo cha madirisha. Nadra alizikuza picha kwa vidole, akauliza maswali mengi kuhusu mchanga umetoka wapi, na mengine Evodia hakuweza kuyajibu.

Ndiyo sababu Nadra amekata tiketi ya Juni mwakani, wakati wa likizo ya Evodia. Baba yake alizaliwa Tabora, akaondoka huko akiwa na miaka tisa. Yeye mwenyewe hajapata kukanyaga Tanzania. Kiswahili amekipata jikoni kwa bibi yake, hapahapa Maskati.

"Nimemwambia Evodia asitie paa mpaka nifike," anasema, huku akizifunga buti zake kwa kazi ya siku. "Nikishaikagua nyumba yake, nitapanda gari niende Tabora nikaitafute tuliyoiacha sisi. Baba anasema ilikuwa ya udongo, huenda imeshaanguka. Si kitu. Nataka nione ilisimama wapi."