Karavani Kwenye Mdomo wa Wadi

Ijumaa iliyopita, baada ya alasiri, nilikuwa nakwenda kwa mtoto wa mdogo wangu huko Hail, pwani ya Maskati, na sahani ya tambi za sukari imekaa kwenye kiti cha pembeni. Siku hizi za baridi pwani ya Hail imejaa karavani, nyumba nyeupe za magurudumu zilizopangwa mstari mmoja, jenereta zikinguruma na viti vya kukunja vimeelekezwa baharini. Sikuwa na haja ya kusimama. Nilisimama kwa sababu moja: karavani moja ilikuwa imejitenga na wenzake, imeshuka chini, pale wadi inapofungukia bahari. Kijana mmoja alikuwa amepiga goti akiteremsha miguu ya chuma ya karavani. Mchanga wa pale ni mgumu na umenyooka, karavani hukaa sawa kama meza. Najua, kwa sababu baba yangu alipachagua kwa ajili hiyo hiyo.

Kama hujawahi kuishi nchi hii, nikuambie wadi ni nini. Ni njia ya mto usiokuwepo. Karibu mwaka mzima ni kokoto na vichaka, na mbuzi hupita wakitafuna. Mvua ikinyesha milimani, mbali, mahali usipopaona, mto unarudi nyumbani kwake, na unaweza kukukuta wewe umekaa juani.

Baba alikuwa fundi wa mafriji Hamriya, mtaa wa mjini. Karavani aliinunua kwa mgeni mmoja aliyemaliza kazi akarudi kwao. Akaipaka rangi mwenyewe, Mama akaishonea mapazia ya maua, na kila likizo ya baridi tukaivuta hadi Hail, watu wanne: Baba, Mama, Bibi mzaa baba, na mie; mdogo wangu alikuwa hajazaliwa. Wakati huo Hail ilikuwa mchanga na minazi michache. Asubuhi baridi ilituuma masikio. Kazi yangu ilikuwa kuokota kuni zilizotupwa na mawimbi na kusugua masufuria kwa mchanga. Bibi alikaa mlangoni amejifunga kanga mbili juu ya sweta, akisikiliza maji. Alitoka Unguja mtu mzima, na bahari ilikuwa kitu pekee cha Maskati alichokiamini. Goti lake lilikuwa bovu. Kushuka kwenye ngazi ya karavani ilikuwa safari.

Juu ya ukingo wa wadi walipiga hema jirani zetu, mume na mke kutoka bara ya Oman, watu wa milimani. Kiswahili hawakukijua. Mama aliwapelekea mkate wa kumimina, wao wakaleta tende katika sahani ya bati yenye ukingo wa kijani. Hivyo ndivyo watu walivyokuwa wakijuana.

Siku ile ile ya tende, bwana jirani alishuka na birika ya kahawa, akachuchumaa kando ya Baba.

"Hamisha nyumba yako, ndugu yangu. Hapa ni njia."

"Njia ya nani? Sijaona gari kupita."

"Ya wadi."

Baba akatazama juu. "Na jua lote hili?"

"Nyinyi watu wa Zanzibar mnaitazama bahari tu," alisema yule bwana, kwa upole kabisa. "Hapa mauti huja kutoka mgongoni."

Baba akamshukuru kwa midomo. Lazima uelewe miaka ile. Dukani, ofisini, kila mahali, kulikuwa na mtu wa kumkumbusha kwamba ametoka kule, kwamba Kiarabu chake kimepinda. Hakulisikia neno wadi. Alilisikia neno nyinyi.

"Ataka kun'funza mie pwani," alisema jirani alipopanda, "yeye alokuzwa na mbuzi."

"Watakusikia," Mama akasema.

"Na wasikie. Na asende mtu kwao."

Basi sahani ya kijani ikabaki juu ya rafu yetu. Kwa Bibi lile lilikuwa jambo zito. "Sahani ya watu hailali kwako," alikuwa akisema, na hairudi tupu. Ikalala. Ikalala tena. Baba na bwana jirani wakawa wanapishana ufukoni bila salamu, kila mmoja akitazama miguu yake. Mimi nilijifunza kula kimya. Hata kijiko kikigonga bakuli, Mama alinikata jicho.

Siku ya tatu, mbingu ya Hail ilikuwa safi, lakini juu ya milima lilikuwa limekaa wingu jeusi, zito, halisogei. Mama aliliangalia, akamwangalia Baba, akainama kuosha mchele. Baada ya chakula Baba alijilaza ndani, akafungua redio. Bibi akakaanga tambi, akatia sukari na iliki, akazimimina kwenye sahani ya kijani.

"Mie nakwenda," akasema.

"Mama, n'shasema."

"Umesema na mkeo. Mie nimekuzaa."

"Na goti lako?"

"Goti langu halina ugomvi na mtu."

Baba akaongeza sauti ya redio.

Mama alimshika Bibi mkono mmoja, mimi nikabeba sahani. Tulikwenda mwendo wa Bibi, hatua na pumziko. Alinung'unika njia nzima. Hao watu wa milimani hawakuona mahali pa karibu pa kupiga hema lao? Ilibidi wakae juu kama kunguru? Tulipoanza kupanda ukingo nilihisi upepo wa baridi shingoni, una harufu ya udongo ulioloa, na hakuna tone lililoanguka. Mke wa jirani akashuka kumvuta Bibi. Akafunua sahani, akacheka kwa furaha. Halafu akaacha kucheka, akageuza kichwa upande wa milima.

Mlio uliotoka huko haukuwa wa maji. Ulikuwa kama malori mengi yanayokuja polepole juu ya kokoto. Mumewe alikwishasimama. Alishuka mbio miguu mitupu, akipiga kelele, na Mama naye akimwita Baba mpaka sauti ikamkatika. Redio ilikuwa juu.

Maji yalitokea kwenye kona: ukuta mfupi wa rangi ya chai ya maziwa, ukisukuma matawi, madebe na gogo zima la mtende. Baba akatoka mlangoni. Alitazama bahari. Hata wakati ule, aliitazama bahari kwanza. Kisha akageuka, akaona, na badala ya kukimbia akapiga goti, akaanza kupandisha miguu ya karavani, moja baada ya moja, ili aivute.

Jirani alimfikia maji yakiwa vifundoni. Akamkamata kiunoni. Baba akampiga kiwiko cha mdomo. Tuliwaona wakivutana bila kuwasikia, maji yakiwapanda magotini, mapajani, mpaka fulana ya Baba ikachanika na wote wawili wakaanguka upande wetu. Walipanda ukingo kwa mikono na magoti.

Karavani ilizunguka mara moja, taratibu, mlango wazi, mapazia ya Mama yakipepea nje, ikaingia baharini.

Jirani alikuwa akitema damu. Baba alikaa amekumbatia magoti yake.

"Tambi zinapoa," akasema Bibi.

Baba akamgeukia jirani, akamwambia kwa kile Kiarabu chake kilichopinda: "Nisamehe."

"Kula kwanza," jirani akajibu, akamsogezea sahani. Wakala kwa mkono, sahani moja.

Sahani ile ilisafiri miaka mingi baina ya Hamriya na kwao milimani, ikienda na sambusa, ikirudi na asali. Wakubwa walipokwisha, mmoja baada ya mwingine, ikaacha kusafiri. Sijui ilikomea kwa nani. Nimejisomea sana habari za mabonde haya, nikatafuta na picha za zamani zilizopigwa kutoka angani, lakini sijaweza kupata hatua yenyewe, pale mdomoni, karavani yetu ilipokaa. Wadi sasa ina kingo za saruji, juu kuna mikahawa na taa. Wenye karavani hawajuani, na chakula huja katika maboksi.

Basi Ijumaa ile nilishuka na sahani yangu ya tambi. Kijana alisimama, akanipa salamu ya heshima, kwa Kiswahili chetu. Niliwapa chakula kwanza, yeye na mkewe aliyetoka mlangoni. Halafu nikamwonyesha milima.

"Siku hizi kuna bwawa huko juu, Mama," akasema. "Maji hayafiki."

"Bwawa lipo," nikasema. "Baba yangu aliweka yake hapa hapa."

"Ikawaje?"

"Hatukuiona tena."

Mkewe alizimimina tambi kwenye boksi, akaosha sahani, akanirudishia na shukrani nyingi, haina hata tende moja. Bibi angeona ni kukosa adabu. Nilipofika juu nikageuka. Kijana alikuwa amepiga goti tena, akipandisha miguu ya karavani, moja baada ya moja. Sahani ilikuwa tupu mkononi mwangu, nami sikuona vibaya.