Ng'ombe wa Shangazi na Mashine Mbili

Niliacha shule mapema, nikazunguka. Nimebeba mpunga Kahe, nimeuza sabuni Tarakea, na miaka ile kompyuta zilipoanza kuingia ofisi za Moshi nikawa mpeleka diski wa chama cha wafugaji. Fundi wetu, dada mmoja mwenye subira, alikuwa anahamisha habari za ng'ombe kutoka mashine ya Moshi kwenda mashine mpya ya Bomang'ombe, na mashine hizo hazikuelewana. Ya Moshi iliandika ndiyo kama hasi moja. Ya Bomang'ombe ilitaka moja tu. Nikamuuliza inakuwaje ndiyo iwe pungufu ya sifuri.

"Usiniulize mimi," alisema. "Muulize aliyeiunda."

Hilo alilirekebisha. Kisha akataka ng'ombe watatu wa kujaribia swali la "Ni mali ya mfugaji?": mmoja wa ndiyo, mmoja wa hapana, mmoja asiye na jibu.

"Huyo wa mwisho tutamtunga."

"Usitunge, dada. Shangazi yangu anaye."

Kwetu mlimani mwenye ng'ombe wengi huweka mmoja kwa jirani. Mtunzaji anapata maziwa na mbolea. Ndama wa kwanza ni wa mwenyewe, wa pili wa mtunzaji. Na huyo mwenyewe, ukimuuliza mbele za watu, atakuapia hana hata mbuzi. Basi, kwa kuwa shangazi alikuwa mtunzaji tu, nafasi ya jibu tukaiacha wazi. Mashine ya Moshi ikaridhika. Ya Bomang'ombe haikujua wazi ni kitu gani, ikaandika hapana, na hakuna aliyekumbuka kuwafuta ng'ombe wa majaribio.

Siku chache baadaye ng'ombe wa shangazi akaanza kulia, anataka dume. Ndama ambaye angezaliwa ndiye angekuwa wake, na mwenye ng'ombe alikwishasema akimaliza kuvuna anakuja kumchukua, isipokuwa akimkuta na mimba. Bwana mifugo anayepandisha kwa mrija wa mbegu akakataa kuja: mashine inasema ng'ombe si wa mama huyu. Joto la ng'ombe halingoji kikao. Asubuhi hiyohiyo tukapanda basi kwenda Bomang'ombe.

"Mama, ng'ombe ni wako au si wako?" aliuliza karani wa mashine. "Ndiyo au hapana."

"Hujaniamkia."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Maziwa, ndiyo. Mbolea, ndiyo. Ndama wa mwaka juzi, hapana. Huyu anayekuja, ndiyo."

"Nakuuliza ng'ombe, mama."

"Na mimi nakujibu ng'ombe. Wewe umeoa?"

"Nimeoa."

"Mkeo ni wako au ni wa kwao? Ndiyo au hapana?"

Foleni nzima ikacheka. Karani akajifuta jasho. Kwa kuwa majibu manne hayakuenea kwenye nafasi moja, kila jibu akaliandikia ng'ombe wake. Shangazi akatoka pale na ng'ombe wanne, mmoja si wake.

Mchana bwana mifugo akafika kihambani, kwenye migomba ya shangazi, na pikipiki na mirija mitatu, mmoja kwa kila ndiyo.

"Wengine wako wapi, mama?"

"Wa maziwa ndiye huyu. Wa mbolea ndiye huyu."

Alimzunguka ng'ombe kama anayetafuta mlango. "Nikirudi na miwili wataniambia sikufanya kazi," akasema, akaitumia yote. Ng'ombe aliendelea kutafuna mgomba.

"Watakuwa mapacha?" shangazi akauliza.

"Mimi natii mashine, mama."

Baadaye mashine iliandika kwamba mmoja ameshika mimba na wawili wamekataa. Shangazi akaitwa semina ya wafugaji wenye ng'ombe wagumba. Alikwenda, akakaa mbele, akarudi akisifu wali.

Mavuno yalipokwisha, mwenye ng'ombe akapanda mlima na kamba mkononi. Akampapasa ng'ombe tumbo.

"Umeniwahi," akasema.

"Nilipandishiwa watatu, akashika huyu tu."

Alimtazama shangazi, halafu akamtazama ng'ombe. Shangazi alimkatia mkungu wa ndizi. Mwenye ng'ombe akaufunga kwa ile kamba, akajitwika, akashuka nao.