Fundi Do Atafuta Kiti cha Mkewe

Saa tatu asubuhi, katika karakana ya mabati nyuma ya kituo cha mafuta, mwanamume mwenye aproni ya ngozi iliyotobolewa na cheche anagonga kipande cha bomba kwa nyundo ndogo. Bomba linalia. Anainamisha kichwa, anaimba "do" chini chini, kisha anaandika herufi kadhaa kwa chaki juu ya bati ambalo halijakatwa.

"Subiri kidogo, ndugu mwandishi," anasema. "Hii noti ya mi ikinitoroka, siipati tena."

Hapa kila mtu anamwita Fundi Do. Mkate wake unatoka kwenye kuchomelea mageti na madirisha, lakini kanisani ndiye mwalimu wa kwaya. Ametunga nyimbo zaidi ya sitini, na zote amezipanga kwa sauti nne: ya kwanza na ya pili za wanawake, ya tatu na ya nne za wanaume. Solfa, yaani noti za do, re, mi, alifundishwa na shangazi yake, ambaye kwa maneno ya Fundi Do "alikuwa na sikio kali na fimbo kali zaidi".

Geti moja linalipa kodi ya nyumba. Wimbo haujawahi kumnunulia hata chumvi. "Lakini sijawahi kumwona mtu akitoa machozi mbele ya geti langu," anasema na kucheka mwenyewe.

Chaki nayo ina hasara zake. Mwaka juzi, sauti ya pili ya wimbo wa Pasaka iliondoka na geti la mteja kabla hajainakili. Ikabidi aende kwa mteja huyo, aombe radhi, asimame barabarani akisoma geti na kuimba. Majirani wakatoka kuuliza nani amefariki.

Kwa miaka mingi kiongozi wa sauti ya kwanza alikuwa mkewe, muuza vitambaa mwenye sauti iliyokuwa ikipanda juu bila kutetereka. Mwaka jana alifanyiwa upasuaji wa shingo. Alipona, Mungu ashukuriwe, ila ile sauti ya juu haikurudi. Ilibaki ya chini, nzito, yenye mkwaruzo. Akarudisha sare ya kwaya, akahamia benchi la nyuma. Hata jikoni akaacha kuimba.

"Nyumba ilinyamaza mpaka nikawa nasikia friji ikipumua," anasema Fundi Do. "Niliumia, lakini ningemwambia nini?"

Kwaya ilipoombwa wimbo mpya wa kutabaruku jengo la kanisa lililokamilika, akaona hiyo ndiyo njia ya kumrudisha. Akatunga, kisha akaushusha wimbo mzima ili mkewe aufikie. Mazoezini wanaume wa sauti ya nne wakawa wanakoroma kama watu wanaotafuta kiatu chini ya kitanda. Mkewe, aliyekuwa amekuja kusikiliza, alitoka kabla ya ubeti wa pili.

"Nilimwambia nyumbani," anaeleza mama huyo, akiweka chini birika la chai aliyomletea mumewe. "Baba, koo ni langu, wimbo ni wa Mungu. Usimpunguzie sifa zake kwa ajili yangu. Na wale wazee wa sauti ya nne wamekukosea nini?"

"Alinipa vidonge vyangu," Fundi Do anakiri.

Kesho yake aliurudisha wimbo mahali pake. Akachukua bomba, akamwomba mkewe aimbe alichonacho, bila kujilazimisha. Sauti ikakaa sawasawa katika ya tatu. Basi akaandika upya ubeti wa pili, uanzwe na mtu mmoja wa sauti ya tatu.

Lakini katika kwaya ile mwanamke hajawahi kuketi upande wa wanaume. Mwenyekiti wa kwaya, ambaye naye huimba sauti ya tatu, alikataa katakata.

"Nilisema tutachekwa," anakumbuka mwenyekiti. "Sisi suti, yeye gauni, wapi na wapi? Halafu mama akaanza ule ubeti. Ndugu yangu, niliinuka mwenyewe nikampa kiti changu."

Jumapili iliyopita, katika jengo lililokuwa bado linanuka rangi, mama huyo alisimama katikati ya suti akaanza peke yake. Hakuna aliyecheka. Waliotazama mbele walimwona mwalimu wa kwaya mikono imemganda hewani, amesahau kuongoza. Kwaya iliendelea bila yeye.

"Nilijivuna," anasema. "Mungu anisamehe, nilijivuna ndani ya nyumba yake."

Tangu siku hiyo, wanawake wengine watatu walioacha kwaya sauti zao ziliposhuka wamemwomba awapime kwa bomba. Anapanga kuwatungia wimbo ambao sauti ya tatu itaubeba toka mwanzo hadi mwisho, na ndio huo ulio juu ya bati. Safari hii ameapa kunakili kabla ya kukata.

Anamaliza chai, anachukua nyundo, anagonga bomba kumpa mkewe do.

Mkewe ameshaanza.