Skrini Tatu za Mama Kadi

"Mtu akigusa kompyuta yangu, nitajua kabla kiti hakijapoa." Mama Kadi aliyatangaza hayo kwenye kipaza sauti, siku ya harusi ya mpwa wake, alipopewa nafasi ya kuwatakia maharusi heri. Maharusi wakapiga makofi. Wangefanyaje?

Alikuwa na duka la kuchapa kadi za harusi, na mezani skrini tatu za aina moja, zote za kompyuta moja, kila moja na picha yake: kushoto marehemu baba yake, katikati maua, kulia kufuli kubwa. Kila asubuhi alizikagua kama askari wa getini. Picha zikihama, basi kuna mwizi wa michoro ya kadi zake.

Zikahama. Baba kaenda kulia, kufuli kushoto.

Ufunguo wa pili alikuwa nao mtu mmoja tu: wifi yake, mke wa kaka, aliyepokea wateja na kukunja kadi.

"Wifi, jana ulichelewa kufunga?"

"Nilifunga umesimama mgongoni kwangu. Hata kitasa ulikitikisa mwenyewe."

"Nauliza tu."

"Uliza, wifi. Ila hayo macho hayaulizi, yanapekua."

Tangu hapo wifi hakuwa na jema. Akicheka kwenye simu, anauza michoro. Akinyamaza, anapanga bei. Akiomba ruhusa ampeleke mtoto kliniki, kliniki gani hiyo isiyoisha? Picha zilipohama tena, Mama Kadi alinyoosha kiganja, akadai ufunguo.

Wifi akauweka mezani, akachukua mkoba wake. "Kaka yako nitamwambia mwenyewe. Wewe utatia chumvi."

Jioni ile Mama Kadi, peke yake dukani, alichomoa nyaya zote za kompyuta, kama alivyokuwa akifanya kila jioni tangu mvua za radi zianze. Asubuhi akazichomeka kwa kupapasa, simu sikioni. Akawasha. Baba yake alikuwa katikati, penye maua.

Alitazama mlango. Akatazama dari. Mwishowe akainama nyuma ya meza, akahamisha waya wa skrini kwenye tundu lingine, baba akahama. Akaurudisha, baba akarudi. Akakaa sakafuni palepale.

Wifi alikuwa ameshaajiriwa na duka la kadi la ng'ambo ya barabara. Siku ya pili Mama Kadi alivuka, akasimama kwenye kaunta.

"Wifi."

Wifi aliendelea kukunja kadi, akamjibu kama mteja yeyote:

"Kadi moja ni shilingi mia nne."