Gavana Asiyehamishwa

Namshukuru Mwenyezi Mungu anayetupa pumzi hata kabla hatujaiomba. Rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Binti yangu anaishi Marekani na mwanawe, mjukuu wangu, aliyezaliwa hapa Kilosa na ugonjwa wa selimundu, ule wa damu. Kule hutibiwa kwa msaada wa jimbo lao, unaowafikia hata watoto wa wageni. Siku moja baada ya swala ya alasiri binti yangu akanipigia simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti hiyo?"

Akanieleza kwamba jimbo lao linachagua gavana, na mgombea mwenye nguvu ameahidi kuufuta msaada ule.

"Tulia," nikamwambia. "Gavana si kama mkuu wetu wa mkoa? Akizidi, Rais atamhamisha."

Ndivyo tulivyozoea. Akija mkali, wazee tunanyamaza, tunasubiri uteuzi mpya. Redio inasoma majina, naye anafungasha.

"Huku hahamishwi, baba. Anachaguliwa na watu wa jimbo, anakaa miaka minne, na Rais hawezi kumtoa. Mimi kura sina, ni mgeni."

Hofu ikaniingia. Nilishamzika mtoto wa kaka yangu kwa ugonjwa huohuo. Nayajua maumivu yake: mtoto analia hata shuka likimgusa.

Jirani yangu, mzee wa Kimaasai, alikuja kunywa chai kama kawaida yake. Nilipomsimulia, akanitazama.

"Mwalimu, umefundisha Kurani miaka yote hiyo, sasa unamwogopa mtu hata hujamwona?"

"Namhofia mtoto."

"Basi, kama huyo gavana hahami, ahame mtoto. Majani yakiisha, mimi huwa nagombana na majani?"

Nikacheka, lakini tangu hapo kila simu ikilia nilisoma bismillahi kabla ya kuipokea.

Matokeo yalinikuta Mikumi, kwa dada yangu. Malori yalikuwa yakipita barabarani, nikawa naliziba sikio moja ili nisikie.

"Ameshinda, baba."

Nikasema innalillahi. Kisha nikamfikishia neno la jirani. Akasema ng'ambo ya mto kuna jimbo jingine lenye gavana wake, na kule watoto wa wageni bado wanatibiwa. Ila itabidi aache kazi na daktari anayemjua mtoto, akaanze upya.

"Nenda, mwanangu," nikasema, nami sikuwa na hakika.

Wamekwenda. Ombi la matibabu ya mtoto bado halijajibiwa, na dawa walizobeba zinapungua. Juzi binti yangu aliniambia kwamba huko nako watachagua gavana mwakani. Nikamwuliza wagombea wanasemaje. Akasema hajathubutu kusikiliza. Basi kila swala namtaja mtoto yule kwa jina lake.

Nawe unayesoma, Mungu akuhifadhie watoto wako, walio karibu na walio mbali, na awape wenye mamlaka juu yao mioyo ya huruma. Amina.